Nia Njema, Taja Mahali Ulipo

Baba yangu ni nahodha, na mimi kazi yangu ni kumuuliza yuko wapi. Mama anasema kazi hiyo ameifanya yeye tangu siku ya harusi, na hajawahi kupata jibu la kuridhisha hata mara moja. Mimi angalau nina redio, skrini mbili na sheria nyuma yangu.

Sheria yenyewe si ngumu. Mbele ya pwani yetu kuna mwamba mrefu wa matumbawe, kuna nyasi za baharini wanakojilisha nguva, na kuna fukwe ambako kasa hutaga. Meli ya mafuta ikipasuka tumbo pale, wajukuu zetu watazeeka wakisugua mawe. Kwa hiyo kila meli kubwa, na kila meli yenye mafuta hata iwe ndogo kama ya baba, ikivuka mstari wa kuingia lazima iite kituo na kujieleza: jina, mahali ilipo, mwelekeo, kasi, shehena, na kama ina hitilafu yoyote. Mimi narudia nilichoambiwa, neno kwa neno. Meli inajibu, "Sahihi." Nisiporudia, ripoti haijafika, hata kama tumesikizana vizuri kama watu waliokaa mkeka mmoja.

Watu huniuliza, kwani skrini haionyeshi meli zote zilipo? Inaonyesha. Lakini skrini haiwezi kuniambia kama kule kwenye usukani kuna mtu aliye macho. Meli za siku hizi zinaweza kwenda zenyewe mchana kutwa huku wenyewe wanakoroma. Tunachotaka ni mtu atazame chombo chake cha kuonyesha mahali, asome namba, azitaje kwa mdomo wake. Mashine ina yake, na mtu ana yake.

Halafu kuna sheria nyingine, hii haikuandikwa popote ila baba anaishika kama imeandikwa kwa moto: hewani hakuna undugu. Yeye ni Nia Njema, jina la meli yake. Mimi ni Kituo. Siku nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mwenzangu wa zamu alimpa baba habari kwa redio, maana alikuwa safarini. Baba akajibu, "Kituo, Nia Njema. Ujumbe umepokelewa." Basi, imeisha hiyo. Mama alimnunia wiki nzima. Mimi nilimwelewa, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kwamba kwenye mawimbi yale feri wanasikiliza, matishari wanasikiliza, wavuvi wanasikiliza, na neno lako moja la ziada linaweza kumziba mdomo mtu anayezama. Utani wake ni nyumbani tu. Huko ndiko huniita Kituo mbele ya wageni, akacheka peke yake.

Chumba chetu kiko ghorofa ya juu ya jengo la bandari. Kipoza hewa kinadondosha maji kwenye ndoo, na zamu yoyote isiyomwaga ndoo hiyo hutukanwa na zamu inayofuata. Birika halina mfuniko, tunalifunika kwa sahani. Mkuu wa kituo, mtu mnene mwenye moyo mwepesi, ana kiti chake cha pekee karibu na dirisha, na hakuna anayekikalia hata akiwa likizo, si kwa kumwogopa bali kwa sababu kimeshachukua umbo lake.

Siku jambo hili lilipoanza, upepo ulikuwa mkali tangu asubuhi. Kila meli iliyoingia ilikuwa imesukumwa kusini kidogo, na manahodha walikuwa wakilalamika. Kisha baba akaita. Sauti yake haina haraka, kila neno linapewa kiti chake.

"Kituo, kituo, Nia Njema. Navuka mstari."

"Nia Njema, kituo. Taja mahali ulipo."

Akataja digrii, kisha dakika. Dakika za ramani, si za saa, ni vile vipande vya digrii. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na nikajikuta ninasema pamoja naye, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeitikia dua: arobaini na mbili nukta saba. Nilimaliza kabla yake.

Nikaweka kikombe chini.

Mstari wa kuingia ni mrefu, na hakuna meli inayouvuka mahali pale pale kila safari. Leo mkondo unakupeleka huku, kesho upepo unakurudisha kule, keshokutwa aliyeshika usukani amepiga miayo. Mimi nilikuwa nimejuaje namba ya baba kabla hajaitaja? Nilijua kwa sababu wiki iliyopita ilikuwa hiyo hiyo. Na wiki ile nyingine. Tangu lini, sikuweza kukumbuka. Ilikuwa imeniingia masikioni kama wimbo wa shule. Nikatazama skrini. Alama ya Nia Njema ilikuwa kusini ya pale alipotaja, karibu nusu maili.

"Nusu maili?" mkuu akasema nilipomwonyesha. "Huyo amesoma, akapiga chafya, ndipo akabonyeza redio. Upepo wa leo unasukuma hata mawazo. Rudia, aende zake."

Nikarudia. Baba akasema, "Sahihi," kama kawaida, na meli ikapita salama, kwa sababu msaidizi wake ni mtu makini. Mabaharia humwita Chifu. Ameshika usukani wa Nia Njema miaka mingi, na huo mwamba anaujua, pamoja na maboya yote yanayoonyesha njia ya kuupita. Ila mimi sikuweza kuimaliza chai yangu. Nilikuwa nimeelewa jambo moja tu, na lilitosha kunikata maini: baba hasomi. Baba anakariri.

Jumapili nikaenda nyumbani kwao. Nilimkuta mama jikoni, nikamsaidia kumenya viazi, nikasubiri aanze mwenyewe. Mama hajui kunyamaza na kisu mkononi.

"Juzi baba yako ameamkia koti langu," akasema.

"Koti?"

"Lile jeusi, nimelitundika nyuma ya mlango. Ametoka chumbani, akasimama, akaliuliza limeamkaje. Akalisubiri lijibu."

Nilicheka, maana nilimwona baba vile alivyo na adabu zake, amesimama mbele ya koti. Mama naye akacheka. Kisha akaacha kisu, akajifuta macho kwa nyuma ya mkono, na haikuwa kwa kucheka.

"Na kile kipimo cha macho?" nikamuuliza. "Si hupimwa kila mwaka?"

"Lile bango la herufi? Analo kichwani, lote, kuanzia juu mpaka zile za chini zinazotembea kama sisimizi. Nilimsikia akilisema bafuni. Nilidhani anasali." Akachukua kiazi kingine. "Nimemwambia aende hospitali, ananiambia ni uchovu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu hana macho na bado haambiwi."

Baba yangu ni mtu wa kichwa. Alinifundisha kusoma ramani kabla sijajua kugawanya. Anakumbuka namba za simu za watu waliokwisha kufa. Nikawa nafikiri hayo yote huku nimekaa naye sebuleni baada ya chakula, nikimtazama anavyoinua kikombe bila kukitafuta, kwa sababu mama hukiweka pale pale kila siku, mkono wa kulia, sikio la kikombe likimwelekea. Nyumba nzima ilikuwa imeshapangwa kumfichia siri yake. Nikaona hasira inanipanda, na nilipoichungulia vizuri niliona ni woga.

"Baba," nikasema, "Jumatano ulivuka mstari wapi?"

"Kituo na wewe! Hata Jumapili?" Akacheka. "Arobaini na mbili nukta saba."

"Hukuwa hapo. Ulikuwa kusini."

"Upepo."

"Upepo unasukuma meli, hausukumi namba. Namba ulizotaja hazikusukumwa."

Akageuza uso kuelekea dirishani, pale anapojua dirisha lilipo.

"Bahari ile naijua kama kiganja changu," akasema.

"Hata hicho kiganja hukioni, baba."

Ulimi huu ni wa mama yangu, nimeurithi na sijapata pa kuurudisha. Baba aliinuka. Nilidhani atanifukuza. Alisimama tu, akashika mgongo wa kiti chake.

"Mwisho wa mwaka nastaafu," akasema taratibu. "Nimebakiza safari za kuhesabika. Tangu nimepewa meli sijamwaga tone la mafuta, sijamvunja mtu mguu. Nataka nishuke kwenye ile meli kwa miguu yangu, watu wanipe mkono. Sitaki kushushwa kama mzigo uliooza. Chifu anaona kwa macho, mimi naona kwa kichwa. Tukijumlishwa tunapata nahodha mmoja mzima."

"Na siku Chifu akiumwa tumbo?"

"Chifu haumwi tumbo."

"Basi mpe yeye redio, asome yeye."

"Redio ni ya nahodha," akasema, na hapo sauti ilimpanda. "Nikiita, watu wote wanajua ni mimi. Nikinyamaza, watauliza kulikoni."

Nilimwelewa. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba nilimwelewa neno kwa neno. Ukimwondolea baba sauti yake hewani, umebakiza mzee anayeamkia makoti. Lakini kwenye meli ile kuna watu wenye watoto, na chini yake kuna mwamba ambao hautaki kujua nani alikuwa hodari zamani.

"Nakuachia safari hii moja," nikasema. "Ukirudi, nenda ofisini kwenu ukaseme mwenyewe. Usiposema wewe, nitasema mimi."

"Utamshtaki baba yako?"

"Nitataja mahali alipo. Si ndiyo kazi yangu?"

Hakunisindikiza mlangoni. Mama alinisindikiza, akanibana mkono kwa nguvu, hakusema anakubaliana na nani.

Jumatano ikafika, na upepo nao ukafika, mkali kuliko wa wiki iliyopita. Feri ilishachelewa. Matishari mawili yalikuwa yamejibanza nyuma ya gati. Mkuu alikuwa kwenye kiti chake na kikombe mkononi. Redio ikalia.

"Kituo, kituo, Nia Njema inaita." Haikuwa sauti ya baba. Wala haikuwa ya Chifu. Ilikuwa sauti changa, yenye adabu kama ya mtu anayebisha hodi kwa wakwe.

"Nia Njema, kituo. Nani anaongea?"

"Msaidizi mpya wa nahodha. Chifu yuko likizo, mkewe amejifungua. Nampa nahodha redio."

Chifu haumwi tumbo, ni kweli. Hatukufikiria tumbo la mkewe.

"Kituo, Nia Njema. Navuka mstari."

"Nia Njema, kituo. Taja mahali ulipo."

Akataja. Digrii zilezile. Dakika arobaini na mbili nukta saba.

Nikatazama skrini. Alikuwa kusini kabisa, maili moja na zaidi kutoka pale alipotaja, na pua ya meli ilikuwa imeelekea mwambani. Na yule msaidizi je? Baadaye alisema aliona kwamba njia si ya kawaida, ila alidhani wazee wana njia zao, na yeye ni mgeni, atamsahihisha vipi nahodha wa miaka yote ile? Heshima nayo huzamisha.

Sikurudia. Kwetu sisi kutorudia ni kama mtu kukunyooshea mkono ukauacha hewani. Nilijua ameelewa kwamba kuna jambo.

"Nia Njema, kituo. Sikupati hapo. Soma tena kwenye chombo."

"Kituo, Nia Njema." Pole pole zaidi. "Arobaini na mbili nukta saba."

Mkuu alikuwa ameshainuka, nilimsikia pumzi nyuma yangu.

"Nia Njema, kituo. Mwamba uko mbele yako kushoto, chini ya maili moja. Geuza kulia sasa. Narudia, geuza kulia sasa."

Baba yangu ni mtu ambaye hajawahi kukubali kuelekezwa hata njia ya sokoni. Angebisha, hata kwa dakika moja, dakika ile ya saa, mambo yangekuwa mengine. Hakubisha. Kabla hajaachia kitufe nilimsikia akitoa amri, sauti kali, ya ujana wake. "Nageuza kulia," akaniambia.

Meli ya mafuta haigeuki kama baiskeli. Alama ilibaki pale pale, ikabaki pale pale, mpaka nikataka kuisukuma kwa kidole. Ndipo pua ikaanza kuzunguka. Ikazunguka taratibu, ikapita ncha ya mwamba kwa nafasi ambayo sipendi kuitaja, ikaingia kwenye maji ya kina.

"Amepita," mkuu akasema. Chai yake ilikuwa imemwagikia shati na hana habari. Akaniwekea mkono begani. Alijua ni baba yangu, kila mtu pale anajua. "Mwache aende zake. Tutasema ni upepo. Upepo si upo? Hatujasema uongo."

Mkuu ni mtu mwema, na alichonipa kilikuwa zawadi. Ningeweza kuipokea. Baba angeingia bandarini, angenyamaza, mimi ningenyamaza, na mwisho wa mwaka watu wangempa mkono kama anavyotaka. Nilitamani, nisiseme uongo. Lakini ripoti ilikuwa haijakamilika. Kulikuwa na maswali yamebaki, na maswali hayo huulizwa kila meli. Nikabonyeza.

Nikamuuliza mwelekeo. Hapo nikamsikia akiuliza pembeni, na ile sauti changa ikimsomea. Nikarudia, akasema sahihi. Nikamuuliza kasi. Nikamuuliza shehena, akasema dizeli, kama siku zote. Likabaki swali la mwisho, lile ambalo mabaharia hulijibu kabla hujalimaliza, maana jibu ni moja miaka nenda miaka rudi: hakuna.

"Nia Njema, kituo. Una hitilafu yoyote chomboni?"

Sikuwa namtega. Nilikuwa nampa nafasi aseme mwenyewe, kwa sauti yake ya unahodha, kabla sijamsemea mimi. Nilimpenda baba wakati ule kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nilikuwa naogopa kila jibu ambalo angelitoa.

Tone likaanguka kwenye ndoo, kisha jingine.

"Kituo, Nia Njema," akasema. "Ipo hitilafu."

"Endelea, Nia Njema."

"Nahodha haoni. Hawezi kusoma chombo. Boya la kwanza hajaliona tangu mwaka juzi." Akavuta pumzi. "Usukani na redio nampa msaidizi kuanzia sasa."

Feri ilisikia. Matishari yalisikia. Wavuvi wote wenye redio walisikia, na hakuna hata mmoja aliyegusa kitufe.

Sasa ilikuwa zamu yangu kurudia. Mkuu akanyoosha mkono achukue kipaza sauti anisaidie, nami nikamkatalia kwa kichwa. Ripoti ya baba sikutaka irudiwe na mtu mwingine.

"Nia Njema, kituo. Nimekupata. Ipo hitilafu. Nahodha haoni. Hawezi kusoma chombo. Boya la kwanza hajaliona tangu mwaka juzi. Usukani na redio viko kwa msaidizi kuanzia sasa."

Nilifika mwisho bila sauti kukatika, na sijui nilifikaje.

"Sahihi, mwanangu," akasema baba.

Kisha sauti changa ikaingia, ikaomba radhi, ikaanza kusoma namba zilizokuwa mbele yake. Zilikuwa namba nisizozijua. Nikazirudia, moja baada ya nyingine.